Kabla hujalipia kile kiwanja

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Ramani ya mtaa mpya uliyonitumia nimeipata, na nimeitazama kwa furaha kwa sababu najua mmesubiri nafasi hii kwa muda mrefu. Aliyeichora anajua kazi yake. Barabara kuu zinauzunguka mtaa badala ya kuupasua, na shule ya msingi iko katikati, mtoto anaifikia kwa miguu bila kuvuka magari ya kasi. Mmarekani Clarence Perry alieleza mpangilio huo mwaka 1929 na wapanga miji wanautumia mpaka leo. Mchoro hauna kasoro ya kunisumbua. Ninachotaka uulize ni kitu ambacho mchoro hauonyeshi: ardhi ile ikipanda thamani, faida itakwenda kwa nani?

Shamba la pembezoni mwa jiji huuzwa rahisi kwa sababu halina barabara, maji wala usafiri. Vikifika, bei inaruka, hata kama mwenye shamba hakuweka jiwe moja. Waliolipa ni walipa kodi, na waliovumilia vumbi na giza ni wale waliohamia kwanza. Kisha mwendelezaji anauza kiwanja cha mwisho na kuondoka na faida yake, na wakazi wanabaki na mitaro ya kuzibua, taa za kubadilisha na bustani isiyo na mtu wa kuitunza. Fedha hakuna. Hapo ndipo eneo la wazi lililopakwa kijani kwenye ramani linapoanza kumegwa. Katika kazi yangu nimeona maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi yakija kwa mtindo huo huo: kwanza kona moja ya uwanja wa watoto, halafu uwanja mzima. Inaniuma kila mara, kwa sababu eneo la wazi likishajengwa halirudi.

Ebenezer Howard aliliona tatizo hili mapema. Hakuwa mhandisi wala mchoraji. Alikuwa mwandishi wa hati mkato katika Bunge la Uingereza. Mwaka 1898 alipendekeza miji mipya ya watu wapatao 32,000, iliyozungukwa na mashamba, na ardhi yote ishikwe kwa niaba ya jamii. Mkazi angelipa kodi ya pango la ardhi, na thamani ikipanda, ziada ingerudi kwenye huduma za mji wenyewe. Mji wa Letchworth, Uingereza, ulianza kujengwa mwaka 1903 kwa wazo hilo, na wenye hisa waliwekewa kikomo cha gawio la asilimia 5 kwa mwaka. Miaka ya 1960 ilipoanza, wafanyabiashara wa ardhi walinunua hisa nyingi za kampuni iliyomiliki ardhi ya mji ili waivune. Wakazi walipambana mpaka Bunge likapitisha sheria mwaka 1962 ya kuikabidhi ardhi kwa shirika la umma. Leo inashikwa na taasisi ya hisani, na mapato yake bado yanatumika palepale mjini.

Sasa linganisha na Hampstead Garden Suburb, pembezoni mwa London ya wakati ule, ulioanza mwaka 1907. Raymond Unwin, mmoja wa wasanifu wawili wa Letchworth, ndiye aliyeuchora huu pia. Henrietta Barnett, aliyeuasisi, alitaka watu wa kipato cha chini wakae jirani na matajiri. Mtaa ulitoka mzuri kweli, bei zikapanda, na leo ni miongoni mwa maeneo ghali ya jiji lile. Uzuri wa mchoro haukuwalinda wale uliokusudiwa kuwalinda. (Letchworth nako nyumba si za bei ya chini, nakiri, lakini ardhi yake inaendelea kuuhudumia mji.)

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Vällingby, mtaa wa jiji la Stockholm, Sweden. Jiji la Stockholm lilianza kununua mashamba ya pembezoni mwaka 1904, kwa hiyo miaka ya 1950 lilipotaka kujenga mtaa mpya halikumbembeleza mtu. Reli ya chini ya ardhi ilifika mwaka 1952, kitovu cha mtaa kikafunguliwa mwaka 1954. Walitarajia wakazi wengi wafanye kazi hapohapo, nao wengi wakaendelea kwenda mjini. Lakini treni ilikuwepo, kwa hiyo matarajio kutotimia hakukumkwamisha mtu.

Basi nenda kwa wauzaji ukiwa na maswali haya. Maeneo ya wazi, hati zake zitakuwa kwa jina la nani baada ya viwanja kuisha? Mitaro, maji taka na usafiri vitakamilika kabla ya watu kuhamia, au ni ahadi ya baadaye? Kuna mfuko wa matunzo, na wakazi wana kura ndani yake? Majibu yawe kwenye mkataba, si mdomoni. Wakikataa kuandika, usilipe hata amana, hata wakikuambia viwanja vimebaki vichache.

Nitumie nakala ya mkataba kabla hujatia saini. Nitausoma mstari kwa mstari na kukupigia simu siku hiyohiyo.

Rafiki yako wa siku zote