Vitamini D si dawa ya sukari, msiwaache wazee wetu wakaacha vidonge vyao

Mhariri,

Asalam aleikum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, jambo hili limenikaa moyoni tokea Shaabani na nikinyamaza naona nitakuwa nimewakosea wazee wa watu wengi hapa Pemba na huko Unguja pia.

Mamaangu ana sukari mwaka wa tisa huu, na presha juu yake. Tunakaa Wete. Dawa zake ni metformini asubuhi na usiku na kidonge kimoja cha presha, miaka yote anakunywa bila ya matatizo makubwa. Wiki moja kabla ya Ramadhani nikaenda kumpima, maana tulikuwa tunataka kumuuliza daktari kama anaweza kufunga. Nikamtoboa kidole, kimashine kikasoma 19.4, sukari imepanda mno. Nikadhani kile kijikaratasi cha kupimia kimeingia unyevu, nikachukua chengine kidole chengine, 19.1. Nikamuuliza mama umekula nini, akasema sijala kitu, chai kavu tu na kipande cha muhogo. Basi nikafungua lile kabati lake dogo anapoweka dawa, nikakuta karatasi mbili za metformini zimejaa, hazijatobolewa hata kimoja, na pembeni yake kopo jeupe la vidonge laini vya rangi ya asali, vitamini D3, kila kidonge yuniti 5,000, na alikuwa anakunywa viwili kwa siku.

Akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu hii inatibu sukari na moyo kwa pamoja, ile nyengine inanivuruga tumbo. Kumbe alisikilizishwa sauti ya WhatsApp, akaenda duka la dawa akauliza, na aliekuwepo pale akamwambia ndio bibi, hii ndio wanayotumia Ulaya siku hizi. Akafungua pindo la kanga akatoa elfu thalathini na tano. Hizo ndo pesa zake za ukili za miezi mizima.

Simlaumu mamaangu hata kidogo. Mwenye kumwambia mzee wa miaka sabini maneno yale ndie ninaemlaumu, na sio mmoja, maana nilipouliza uliza mtaani nikakuta na wengine wameshanunua.

Sasa ukweli wenyewe ni huu, na nimekaa nao mpaka nikauelewa, mpwa wangu anasoma uuguzi akanisaidia. Kule Marekani ulifanywa utafiti mkubwa unaitwa VITAL, ukiongozwa na Profesa JoAnn Manson wa hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston. Walichukuliwa watu 25,871, wanaume wa miaka 50 kwenda juu na wanawake wa miaka 55 kwenda juu, nusu wakapewa vitamini D yuniti 2,000 kila siku na nusu wakapewa kidonge kitupu kinachofanana nacho, hakuna anaejua kapewa kipi, na wakafuatiliwa miaka mitano na ushei. Majibu yakatoka 2018. Shtuko la moyo, kiharusi, kufa kwa ugonjwa wa moyo, yote hayo pande mbili zilikuwa karibu sawasawa, vitamini haikumkinga mtu. New Zealand nao walijaribu kwa watu zaidi ya 5,000, dozi kubwa mara moja kwa mwezi, moyo ukabaki vilevile.

Kwa sukari upo utafiti unaitwa D2d, watu 2,423, na hapa naomba msomaji asome polepole kwa sababu ndipo watu wanapopotoshwa. Hawa hawakuwa na ugonjwa wa sukari, walikuwa wale ambao sukari imeanza kupanda lakini haijafika. Walipewa yuniti 4,000 kila siku kwa kama miaka miwili na nusu, na majibu ya 2019 ni kwamba waliopewa vitamini waliougua sukari ni 293, na waliopewa kidonge kitupu ni 323. Tofauti ipo lakini ndogo, inaweza kuwa ni bahati tu. Sitaki kuficha upande wa pili, 2023 waliunganisha tafiti tatu za namna hii na ikaonekana kwa watu hao ambao bado hawajaugua hatari inapungua kwa kama asilimia 15, na chama cha madaktari wa homoni cha Marekani 2024 kikasema mtu wa namna hiyo anaweza kufikiriwa kupewa, lakini pamoja na kula vizuri na kutembea. Mamaangu hayumo humo. Yeye ana sukari tayari, miaka tisa, na katika tafiti zote hizo hakuna iliyosema mgonjwa aache metformini.

Nilijiuliza basi maneno haya yalianzia wapi mpaka yakafika Wete. Yalianzia kwenye vipimo vya zamani, walipopima damu za wagonjwa wa moyo na sukari wakakuta vitamini D iko chini, watu wakasema basi ndio sababu. Lakini vitamini hii ngozi ndio inaitengeneza ikipata jua, na hebu tuangalie hapa kwetu, mwenye kushinda shamba la mpunga au anaekwenda pwani kila siku ana jua la kutosha na mwili wake unafanya kazi, na mgonjwa ambae miguu imemvimba analala ndani, jua halioni, na mtu mnene nae vitamini hiyo hujificha kwenye mafuta ya mwili. Huyo vitamini yake ni chache kwa sababu anaumwa, si kwamba anaumwa kwa sababu ni chache.

Tena jua tunalo. Wamasai na Wahadzabe wa bara walipimwa vitamini D kwenye damu, majibu yakatoka 2012, wastani wao ulikuwa 115 (nanomoli kwa lita), kipimo ambacho 50 tu wataalamu wengi wanasema inatosha, na hawajanunua kopo hata mmoja. Vibua, dagaa na kiini cha yai vinayo. Sisemi kila mtu anayo ya kutosha, wapo wanawake wa mjini hawatoki ndani na wakitoka wamejifunika, na ngozi nyeusi inataka jua la muda mrefu zaidi. Na mtoto mwenye matege au mzee mwenye mifupa dhaifu daktari akimuandikia anywe, kwenye mifupa vitamini D ni dawa kweli.

Ila sio viwili viwili vya 5,000 kwa kusikia. Mtu mzima asipitishe 4,000 kwa siku bila ya daktari. Vitamini hii haitoki kwa mkojo kama C, inakaa mwilini, ikizidi sana kalisiamu inapanda kwenye damu, mtu anapata kiu, anakojoa sana, anatapika, anafunga choo, figo zinapata mawe. Kiu na kukojoa ndio dalili zilezile za sukari! Mgonjwa atajuaje kipi kinamuumiza?

Daktari alipomuona mama akauliza swali ambalo hakuna aliewahi kumuuliza, kwa nini uliacha. Tumbo. Akambadilishia metformini ya aina inayotoka polepole, anywe baada ya kula, na tumbo likatulia. Wiki iliyopita asubuhi alisoma 8.2.

Mhariri, naomba mambo mawili. Tangazo lolote linalosema vidonge vya vitamini vinatibu sukari au moyo msilichapishe. Na kwenye ukurasa wa afya muandike kwa Kiswahili cha kawaida kwamba mwenye dawa inayomsumbua arudi kwa daktari aseme, ipo njia. Mamaangu husomewa gazeti na mjukuu wake baada ya alasiri, kibarazani, na wenzake wanaosuka nae ukili wanakuwepo, wawili katika hao bado wana makopo yao.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba