Jiko kubwa, oveni ya mezani, na lawama za bei ya waya

Lalamiko linalotufikia mara kwa mara dukani kwetu hapa Kampala ni hili: "Jiko nimeshalilipia, mbona mnanidai tena pesa za waya na fundi?" Juzi dada mmoja wa Ntinda alitutamkia wazi kwamba tunaibia watu. Yalituuma, maana kazi ya waya ndiyo tunayoifanya kwa uangalifu kuliko zote.

Plagi ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa umeme wetu wa volti 240, hapo huvuki wati 3,100 hivi. Oveni ya mezani ya lita 30 au 40 hula kama wati 1,500, kwa hiyo soketi ya ukutani isiyo na hitilafu inaitosha. Jiko la umeme lenye sahani nne na oveni ni jambo jingine: ukiwasha vyote linaweza kupita wati 7,000. Hilo linataka laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka (swichi zinazokata umeme ukizidi), waya wa milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32. Shaba ni ghali, na hatutaweka waya mwembamba ili bei ikupendeze.

Wengine wakisikia bei hiyo humwita kijana wa mtaani awafungie plagi ya kawaida. Nyumba moja ya Bweyogerere tulikuta plagi imeyeyukia ndani ya soketi, na mahali pa fyuzi pamezungushiwa kipande cha waya. Mama yule alilipia soketi mpya, waya wa ukuta mzima, kisha laini ileile aliyoikataa mwanzoni.

Oveni ya mezani nayo hulaumiwa bure. Kwa keki moja ya Jumapili au kuku wa familia, chukua hiyo: hupata moto haraka na haimalizi Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Ila wanaooka keki za kuuza huiingizia trei inayogusa kuta. Hewa ya moto inakosa njia, juu panaungua, katikati bado uji, halafu oveni inarudishwa kwetu eti ni mbovu. Tunaipima joto mbele ya mwenyewe, na mara nyingi iko sawa. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande. Ukiwa na oda za harusi, nunua kubwa.

Na kama umepanga, mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe? Chukua jiko lenye mafiga ya gesi na oveni ya umeme. Oveni peke yake huwa kama wati 2,500. Ipe soketi yake, usiichanganye na birika wala pasi kwenye ekstensheni.

Kabla hujalipa chochote, tutumie picha ya boksi lako la breka. Tutakuambia nyumba yako inabeba jiko gani, na bei ya waya utaijua siku hiyohiyo pamoja na bei ya jiko.