Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Jumuiya ya Kaunti za Pwani: faiba inapita mlangoni petu

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu kutoka Mariakani. Nina saiba hapa, kompyuta sita na printa moja, na kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu: vijana wanaotafuta nafasi za vyuo, wazee wanaofuatilia stakabadhi za mashamba, akina mama wanaohitaji leseni za vibanda. Wengi hutoka Kinango, ambako ni Kwale. Wengine ni wa Kaloleni, huku kwetu Kilifi, na wachache huja kwa matatu kutoka Jomvu, Mombasa. Kwenye benchi langu kaunti tatu hukaa bega kwa bega zikingoja mtandao urudi.

Juzi alikuja binti mmoja saa moja asubuhi, kwa nauli ya kukopa. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi yake. Tulijaza kila ukurasa, tukafika pa kutuma, laini ikakatika. Nikanunua bando kwenye simu yangu, ukurasa ukafunguka nusu ukaganda. Aliondoka saa kumi na moja jioni, fomu haijaenda. Sikumtoza hata shilingi, lakini hilo halikumrudishia siku yake.

Kinachoniuma ni kwamba intaneti ya nchi hii inaingilia kwetu. Mkongo wa TEAMS, waya wa intaneti uliopita chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ulitua Mombasa Juni 2009, mkongo wa SEACOM ukaanza kazi Julai mwaka uo huo, na EASSy ukafuata 2010. Kutoka ufuoni mawasiliano hupanda Nairobi kwa faiba, yaani nyaya za intaneti zilizofukiwa kando ya barabara kuu, hatua chache kutoka dukani kwangu. Nimewaona wachimbaji kwa macho yangu. Ukingo ule ule, chini ya mkwaju ule ule, umechimbwa mara tatu na kampuni tatu. Kila moja ilitandaza bomba lake la kupitishia nyaya, ikafukia, ikaenda zake. Njia ya vumbi inayoingia vijijini hakuna aliyeigusa, maana kwa kampuni moja inayohesabu wateja kijiji kwa kijiji, hesabu hailipi.

Kwa kaunti moja pia hailipi. Kwa kaunti zote sita za Jumuiya yako kwa pamoja, naamini italipa. Mombasa ina wateja wengi na umbali mfupi. Tana River ina umbali mrefu na wateja wachache. Zahanati, vyuo vya ufundi, ofisi za wadi na masoko ya kaunti zote sita vikinunua huduma kama mteja mmoja, ni mteja ambaye hakuna kampuni itakayempuuza. Wagonjwa wetu tayari hawajui mpaka: aliyeshindikana Kinango hupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, na nimewaona wakipita stendi na picha ya eksirei kwapani. Picha ile ingefika kabla yao.

Sheria haiwafungi mikono. Ni kweli, Jedwali la Nne la Katiba limeiachia Serikali ya Taifa mawasiliano ya simu, na siombi muwe kampuni ya simu. Lakini barabara za kaunti ni zenu, na vibali vya kuzichimba ni vyenu. Kifungu cha 189 kinaruhusu serikali za kaunti kuunda mamlaka za pamoja. Undeni moja ya mabomba na faiba: barabara yoyote ya kaunti ikijengwa, bomba liwekwe papo hapo, na kampuni yoyote ikodi nafasi humo kwa bei moja, kuanzia Lungalunga hadi Lamu. Najua ada za kupitisha nyaya ni mapato ambayo kila gavana anayahitaji. Kodi ya bomba inayolipwa kila mwaka ni mapato pia, na barabara haibomolewi tena.

Wenzetu wamejaribu. Jimboni Utah, Marekani, miji jirani iliunda UTOPIA mwaka 2002: mtandao ni wa umma, huduma zinauzwa na kampuni zinazoshindana juu yake. Miaka ya mwanzo ilikuwa michungu, kwa sababu miji kumi na mmoja iliweka rehani mapato ya kodi yake kabla wateja hawajatosha, na deni likaielemea. Vermont, jimbo jingine la Marekani, walipita njia nyingine. Vijiji vilivyounda ECFiber, mtandao wao wa faiba wa pamoja, viliidhinisha mradi kwenye mikutano ya wananchi mwaka 2008, havikugusa kodi, vikajenga kipande kwa kipande, kila kipande kikisaidia kubeba kinachofuata. Njia hii ya pili ndiyo ninayoiombea Pwani. Anzeni na hospitali na vyuo vilivyo karibu na nyaya zilizopo, kisha msogee ndani.

Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye mabunge ya kaunti kabla ya 30 Aprili. Ombi langu ni moja: katika makadirio yajayo, kaunti zote sita ziweke fungu linalofanana la kupima njia, kuhesabu mabomba yaliyokwisha fukiwa na kuandika rasimu ya mamlaka hiyo. Rasimu ikija kwa wananchi kutoa maoni, nitaichapisha hapa dukani bila malipo na kuisoma kwa sauti kwa wote watakaokuwa kwenye benchi.

Wako kwa heshima,
Mwenye saiba, Mariakani