Barua kwa Dada Mkubwa kabla ya hitma ya Mama

Tampere, Ufini

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, ila baridi tu. Hofu yangu ni kwenu mlio mbali na macho yangu. Mfikishie Mjomba shikamoo yake, na umwambie dawa ya miguu nimempa mtu anayesafiri. Itafika Masasi kabla ya mwezi kuisha.

Nimeisoma tena ile karatasi ya wasifu aliyoandika Kaka siku ya mazishi. Unasema itasomwa hivyohivyo kwenye hitma, na kama nina la kuongeza niseme. Ninalo. Kaka ameandika: "Marehemu alikuwa mkulima, mama wa watoto sita, mtu wa watu." Basi. Hakuna uongo hapo, lakini hata mtu ambaye hakuwahi kukanyaga uani kwetu angeandika vivyo hivyo. Siku ile mlikuwa na maiti ndani na wageni nje, sikulaumu mtu. Sasa nafasi ipo.

Waanze na Newala. Mwaka wa kuzaliwa wasiubuni. Mama mwenyewe alisema tu kwamba Uhuru ulipokuja, 1961, alikuwa bado hajachezwa unyago. Na alilelewa shambani hasa, si kijijini: nyumba ya babu peke yake katikati ya mihogo, mtama, mbaazi na mikorosho. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukaa kwenye dungu kufukuza ndege na nyani. Kwenye dungu la shamba la pili alikaa binti wa rika lake, na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kushuka, walipiga soga kwa kupaza sauti kutwa nzima. Sauti ya Mama ilitoka huko. Akinipigia simu nilikuwa naiweka mezani, na bado mwenzangu wa chumba cha pili alisikia bei ya salfa ya mikorosho.

Halafu maji. Wajukuu hawajui kwamba juu kule kwenye uwanda wa Makonde maji hayakukaa. Mvua ilikuwa ikizama mchangani. Watu walijenga juu, maji yakawa bondeni. Mama na dada zake waliondoka alfajiri, wakateremka, na kupanda na mitungi kichwani jua likiwaka. Unakumbuka tulipompeleka Newala, tukasimama Shimo la Mungu tunashangaa mandhari mpaka mto Ruvuma? Sisi tunapiga picha, yeye anatafuta njia aliyopandia. Akasema, "Hapo ndipo nilipovunjia mtungi, nikalia mpaka nyumbani."

Vita vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu wa ng'ambo wakawa wanavuka Ruvuma na watoto mgongoni. Babu aliwapa baadhi yao sehemu ya kulima mihogo. Mama alisema mgeni wa kwanza kufika pale hakuomba chakula, aliomba maji, na mtungi ulikuwa umebaki robo. Bibi akammiminia yote. Mama alipomuuliza wao watakunywa nini, aliambiwa achukue mtungi, njia anaijua. Alikuwa akicheka kila akifika hapo. Lakini naona ndipo alipofundwa, kabla hata ya unyago.

Ndiyo asili ya ule mtungi wa wapita njia chini ya mkorosho wa barabarani. Alipoolewa huko chini kwetu akakuta pampu ya mkono kijijini, zile za Wafini waliokuja kwenye kazi ya maji ya Mtwara na Lindi miaka ya 1970, aliona ameolewa peponi. Dakika kumi, ndoo imejaa! Kwa nini basi mpita njia aone kiu? (Nilipofika huku nikagundua kwamba pampu hizo, za chapa ya Nira, zilitengenezwa Vammala, si mbali na ninapokaa. Nikampigia kumwambia. Akauliza, "Na wao wenyewe wanachota wapi?") Kikombe kiliibwa mara nne ninazozijua. Baba akataka kukifunga kamba. Mama akakataa, akisema hawezi kumfanya mtu mzima ainame kama mbuzi.

Pale chini ya mkorosho ndipo kila kitu kilipofanyikia. Upatu ulihesabiwa pale. Ming'oko, ile mizizi ya porini, iliuzwa pale ikiwa imechemshwa. Walioachana walirudishwa pale, na wengine, tuseme ukweli, waliachanishwa pale, maana ulimi wa Mama nao ulikuwa na siku zake.

Kuna la ada pia, na Kaka hataki lisomwe. Mwaka 2007, muhula wa pili, ada yangu ilikuwa shilingi 20,000 na ilikuwa tayari imefungwa kwenye pindo la kanga. Yule mama jirani, mjane, alikuwa amefika pabaya: watoto hawana chakula, na watu wa kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa magendo, wameshakaa mlangoni na bakuli lao, wanunue korosho zingali maua mtini. Mama alifungua pindo akampa. Mimi nikarudishwa nyumbani wiki mbili. Nilimnunia, Dada, unajua. Nilimwambia kwamba anawapenda watu wa njiani kuliko sisi. Hakunijibu. Aliniamsha alfajiri twende kupulizia salfa kwenye mikorosho ya mjane, na vumbi lile la njano likatuingia macho sote. Msimu ulipofika mjane aliuza mzigo wote mwenyewe, akarudisha deni na gunia la njugu mawe juu yake. Hata hivyo nilikaa na kinyongo miaka, na sitajifanya hakikuwepo. Kuwa mtoto wa mtu wa watu kuna siku unakula wa mwisho.

Huku nina miaka tisa ghorofa ya tatu. Jirani wa mlango wa pili namjua kwa viatu vyake.

Siku ya mazishi uliniwekea simu hewani, nikasikia yule mtani wetu Myao akimwigiza Mama: "We mpita njia, unakimbilia wapi, huko uendako wamekufa?" Watu wakacheka huku wanalia. Nilikuwa chooni kazini, nimeziba mdomo kwa taulo. Iandikeni hiyo sentensi. Wasifu mzima wa Kaka ukipotea, hiyo ibaki.

Sasa la mwisho. Nasikia Kaka anataka kuukata mkorosho ajenge fremu ya duka. Neno la mwisho ni la Mjomba, mimi natoa ombi tu: fremu ijengwe nyuma yake, na nitachangia bati. Kivuli kitamletea wateja. Ila mtungi usikae mtupu. Wajukuu wapangiane zamu, pampu haiko mbali.

Kikombe nimekiweka kwenye mzigo wa dawa ya Mjomba, cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu. Msikifunge kamba.

Mdogo wako