Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wapenzi wa Filamu

Ndugu wanachama,

Nawasalimu. Shughuli za kawaida mnazijua: maonyesho ya kila mwezi yalifanyika, projekta ilitengenezwa, kamati ilikutana kama katiba inavyotaka. Naomba muda kwa jambo lililoleta maneno.

Kamati iliamua mwaka mzima tuonyeshe filamu za mizimu. Pendekezo lilikuwa langu na ninalisimamia. Baadhi yenu mlisema mwenyekiti anatuletea mashetani. Wengine mkaacha kuja bila hata kuaga. Waliokaa hadi mwisho wa Atlantique ya Mati Diop, iliyotwaa tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu kule Cannes mwaka 2019, wanajua walichokiona. Vijana wa Dakar wanajenga mnara, hawalipwi, wanapanda mtumbwi kwenda Uhispania na kuzama. Usiku wanarudi ndani ya miili ya wasichana, macho meupe, wanamvamia tajiri nyumbani kwake kudai ujira wao. Kisha wanamlazimisha awachimbie makaburi kwa mikono yake mwenyewe. Sasa hapo shetani ni nani? Mzimu wa filamu ile ni deni ambalo mwenye nalo alidhani limezama na wadai.

Na katika Ugetsu ya Kenji Mizoguchi (1953), mfinyanzi aliyekimbilia faida wakati wa vita anarudi kijijini. Mkewe anampokea, anamlisha, halafu anakesha akishona nguo mumewe akiwa amelala. Asubuhi mzee wa kijiji anamwambia mfinyanzi kwamba mkewe alikuwa ameshauawa kabla hajarudi. Wajapani waliitazama miaka 8 tu baada ya vita vyao wenyewe kwisha. Filamu kama hiyo haiwezi kuitwa upuuzi wa kutisha watoto.

Mahudhurio yamenisikitisha. Ugetsu ilitazamwa na watu 11. Tuko wanachama 64, waliolipa ada ni 23. Mapato shilingi 460,000, matumizi 715,000, na pengo tumeliziba wanakamati watatu, mimi nikiwemo. Anayedai mizimu ndiyo iliyowakimbiza watu afungue daftari la mwaka juzi, tulipoonyesha vichekesho: makusanyo ya ada yalikuwa vilevile.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata ukumbi wa kudumu, kushirikiana na vyama rafiki na kuvutia vijana. Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Wanaodaiwa wamwone kabla ya uchaguzi, kwani kikatiba asiyelipa hapigi kura.