Maktaba ya mwanasheria isipokelewe kama shehena

Ndugu Mhariri,

Familia inapoikabidhi taasisi maktaba ya marehemu aliyetafiti historia ya sheria, mara nyingi vitabu hupangwa upya kwa mada siku ileile. Hasara huanzia hapo. Kitabu chenyewe huenda kikapatikana kwingine. Mpangilio wa mwenye vitabu na maandishi yake ya penseli pembezoni havirudi.

Piga picha kila rafu kabla hakijaguswa kitu. Rafu ipewe namba, na boksi libebe namba hiyohiyo. Boksi lisizidi kilo 15. Majuzuu ya Gazeti la Serikali, lile la matangazo rasmi na sheria, yalazwe, maana yakisimama bila kubanana migongo huachia.

Tunasisitiza sana karatasi zilizochomekwa ndani. Nakala ya hukumu ya mahakama ya mwanzo ikikutwa katikati ya Tamko la Sheria za Mila la 1963, yaani sheria za mila zilizowekwa kimaandishi, huenda ndiyo inayoonyesha jinsi kifungu kile kilivyotumika. Andika kwa penseli jina la kitabu na ukurasa ilipokutwa, kisha itie kwenye bahasha. Pini zenye kutu zitolewe taratibu. Selotepu marufuku: gundi yake hugeuka kahawia na kupenya karatasi.

Hapa Tabora mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na mchwa hawana likizo. Rafu ya chini iinuliwe sentimita 15, zote zisiguse ukuta.

Hati ya makabidhiano isainiwe kabla gari halijapakiwa, ikitaja kama nakala zinazojirudia zinaweza kuuzwa au zirudishwe kwa warithi.

Wakutubi wawili,
Tabora