Iacheni miembe minane iliyobaki

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia picha kutoka kwetu Muheza: miembe mitano imelala chini, panatengenezwa uwanja wa mpira. Mpira naupenda, ila picha ile imeninyima usingizi, na kwa sisi wa zamu za usiku usingizi ni mali.

Naishi Ufini, karibu na Tampere, nahudumia wazee. Nikitoka kazini hupitia msituni nyuma ya nyumba zetu. Humo vimesimikwa vikapu tisa vya chuma, kila kimoja kwenye nguzo, na minyororo ikining'inia juu yake. Unarusha kisahani cha plastiki, kidogo kuliko sahani ya wali, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena mpaka kiingie. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Geti hakuna, kiingilio hakuna. Ndiyo gofu ya visahani.

Siku ya kwanza nilirusha kama ninayetungua embe. Kisahani kikapinda kushoto na kuzama kwenye vichaka. Kijana mmoja alicheka kwanza, kisha akanifundisha: ukirushia mkono wa kulia kwa kuuvuta kutoka kifuani, kisahani kikiishiwa mwendo huenda kushoto, kwa hiyo kipitishe kulia kwa msonobari, kitarudi chenyewe. Msonobari wenyewe umesimama katikati ya njia ya kikapu cha nne. Walioujenga uwanja wangeuangusha kwa dakika kumi. Wameuacha makusudi, maana bila huo kikapu cha nne hakina ladha hata kidogo.

Kisahani kile sikukipata. Lakini nilikuwa nimeandika namba ya simu kwa chini, kama wanavyofanya wote, na siku ya tatu nikaletewa ujumbe: kipo juu ya kikapu, njoo ukichukue. (Mwavuli niliousahau kwenye basi naungoja mpaka leo.)

Mchezo si wa Wafini kwa asili. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulianza California mwaka 1975, kwa juhudi za Mmarekani Ed Headrick. Mwanzoni walilenga nguzo tupu, ikawa ubishi kila mara: kimegusa, hakikugusa! Ndipo akabuni kikapu cha minyororo. Kikigonga, wote mnasikia.

Sasa nawauliza madiwani wetu: kuwa na uwanja kama huo katikati ya miembe yetu, tunakosa nini? Fundi anayechomelea madirisha na mageti hashindwi kuunda kikapu hicho. Mwanzoni hata ndoo kwenye mti inatosha. Wasichana, ambao kwenye mpira huishia kushika viatu vya kaka zao, wangecheza. Na bibi yao pia angecheza, maana hakuna kukimbia.

Mpwa wangu anasema imebaki miembe minane, upande wa mtoni. Nakuja Desemba na visahani sita kwenye begi. Naomba niikute.

Mzaliwa wa Muheza,
Ufini